Jinsi kompyuta inavyochambua sauti ya redioni

Msikilizaji anayepiga simu kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hadi kituo cha redio mjini Mbarara hutuma wimbi moja lililochanganya masafa mengi. Ili kompyuta itambue maneno yake, kwa kawaida kwanza hukokotoa wigo wa masafa, yaani masafa yaliyomo katika sauti hiyo na nguvu ya kila moja.

Msingi wa hesabu hiyo ulielezwa mwaka 1822 na Mfaransa Joseph Fourier: wimbi changamano huweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi sahili. Njia ya moja kwa moja hulinganisha kila sampuli ya sauti na kila masafa. Sampuli 512 hudai kuzidisha mara 262,144. Njia ya haraka, iliyochapishwa mwaka 1965 na James Cooley na John Tukey, huzigawa sampuli nusu kwa nusu. Hatua hushuka hadi takriban 4,600, na jibu ni lile lile.

Kwa kuwa matamshi hubadilika upesi, sauti hukatwa vipande, aghalabu vya milisekunde 25, na kila kipande hukokotolewa peke yake. Kipande kirefu hutenganisha vyema masafa yaliyokaribiana, lakini huficha wakati yalipotokea. Kifupi huonyesha wakati na kuvuruga masafa. Kingo za kila kipande hufifishwa ili zisizue masafa ya uongo.

Simu ya kawaida hupitisha takriban Hezi 300 hadi 3,400 tu, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya herufi "s" iko juu ya kikomo hicho. Hivyo "kusumbua" na "kufumbua" hukaribiana mno, na hakuna hesabu iwezayo kurudisha kilichokatwa. Mtambo hulazimika kukisia kwa muktadha, uliojifunza kutokana na rekodi za lugha husika.

Hapo ndipo tofauti huanza. Mradi wa Umoja wa Mataifa jijini Kampala, Pulse Lab, ulipojenga mtambo wa kuchambua vipindi vya redio, ulianza na Kiluganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda. Kiswahili, lugha rasmi ya pili nchini tangu mwaka 2005, hakikuwamo. Hesabu ya wigo ni moja kwa lugha zote. Lakini pasipo rekodi, malalamiko ya maji yaliyotolewa kwa Kiswahili yangepimwa masafa yake bila kueleweka.