Kazi za nyumbani zisizolipwa, upimaji wa

Upimaji huu humuuliza mtu alivyotumia saa 24, kipindi baada ya kipindi. Utafiti wa kwanza wa kitaifa wa Kenya, uliofanywa na shirika la takwimu la taifa, KNBS, mwaka 2021, ulionyesha wanawake wakitumia asilimia 18.7 ya siku kwa malezi na kazi za nyumbani, wanaume asilimia 3.6.

Kinachosumbua zaidi ni kazi zinazofanywa kwa wakati mmoja. Katika vijiji vya Wapokomo kama Ngao, karibu na Garsen, mama hutwanga mpunga mtoto akiwa mgongoni. Dodoso lisipouliza kazi ya pili, malezi hayo hupotea. Tena, kanuni za hesabu za taifa huyahesabu maji yaliyotekwa mto Tana kuwa uzalishaji, lakini hazihesabu kuyapikia wali. Mpaka huo unawadhulumu wapishi.