Dawa za Josho na Usugu wa Kupe: Mafunzo ya Karne Moja

Vita vya kemikali dhidi ya kupe wa mifugo vilianza mwishoni mwa karne ya 19 huko Queensland, Australia, ambako ng'ombe waliogeshwa kwa arseniki katika majosho, yaani mahandaki yaliyojazwa maji yenye dawa ili mnyama aogelee hadi alowe mwili mzima. Kusini mwa Afrika uogeshaji ulipata uzito mkubwa baada ya ugonjwa wa ndigana kali kuingia mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki, hasa mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alipothibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na kupe wa kahawia wa masikioni.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, arseniki ilianza kushindwa na kupe wa bluu, nchini Australia na Afrika Kusini pia. Katika kundi lolote la kupe huwamo wachache waliorithi uwezo wa kuhimili sumu fulani. Dawa inapowaua wenzao, wao hubaki na kuzaana, na kizazi baada ya kizazi kundi zima huwa sugu. Kupe wa bluu alitangulia kwa kuwa hukulia juu ya mnyama mmoja kwa takriban wiki tatu, hivyo kila kizazi hupambana na dawa, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 2,000. Kupe wa kahawia, anayebadili wanyama watatu na kuishi muda mwingi majanini, huchelewa zaidi kuwa sugu.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilifuata BHC, DDT na toksafeni, kisha organofosfeti, amitrazi na pairethroidi, na kila kundi la dawa lilipata kupe waliolishinda. Makosa ya matumizi yaliharakisha ushindi huo: josho lililoongezwa maji bila kuongezwa dawa, au bomba la mkono lililopita mgongoni na kuacha ndani ya masikio na chini ya mkia, humpa kupe kipimo kisichomuua. Hatari hiyo ilikua Afrika Mashariki pale majosho mengi ya umma yalipochakaa na kila mfugaji akabaki kujichanganyia dawa yake.

Kwa hiyo kudhibiti usugu ni kulinda nguvu ya dawa zilizopo: kupima kupe maabara kabla ya kubadili dawa, kuhamia kundi lenye kiambato kinachoua kwa njia tofauti wala si chapa nyingine ya kiambato kilekile, na kupunguza uogeshaji kwa kutumia mifugo yenye ustahimilivu wa asili pamoja na chanjo ya ndigana kali iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya. Kupe hawajui mipaka ya maboma, na anayepunguza dawa ili aokoe fedha humwachia jirani yake kupe wasiouawa. Ndiyo maana serikali, maofisa mifugo na wafugaji hawana budi kuisimamia dawa kama mali ya wote.