Skii Pana na Namna za Theluji

Theluji sisi twaijua kwa macho tu, kwa kuitazama juu ya kilele cha Kilimanjaro, nayo kwa mbali huonekana kitu kimoja cheupe kisicho na tofauti. Lakini watu wa kaskazini, waishio nayo miezi mingi kila mwaka, wajua ya kuwa theluji ina namna nyingi. Iko ile iliyoanguka usiku wa baridi kali, nyepesi na kavu kama unga uliochekechwa. Iko ya siku za jua, nzito, yenye maji, ishikayo kila kitu kama tope. Iko iliyopigwa na upepo ikafanya ganda juu, na chini ya ganda ni laini. Tena iko iliyokanyagwa na kuganda hata ikawa ngumu kama jiwe. Apitaye kwa miguu katika ile ya kwanza huzama hata kiunoni. Katika ile ya mwisho hazami kamwe, bali huteleza akaanguka. Je, chombo kimoja chaweza kumchukua mtu katika zote? Swali hili watu wamelijaribu kwa miaka elfu nyingi.

Chombo chenyewe huitwa skii, nacho ni ubao mrefu uliopindwa juu upande wa mbele, ambao hufungwa mguuni, kila mguu na wake. Hesabu yake ni nyepesi. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa mguu mmoja, uzito wake wote hukaa juu ya wayo, mahali padogo sana. Akivaa ubao wa urefu wa sentimita 180 na upana wa sentimita 15, uzito ule ule hutandazwa juu ya mahali pa sentimita za mraba 2,700, wala theluji laini haielemewi upesi. Mbao ikipunguzwa upana kuwa nusu, mzigo juu ya kila sentimita huwa maradufu.

Wazee wa kale hawakuandika hesabu hiyo, lakini walichonga kama walioijua. Mwaka 1924 skii moja ilionekana huko Kalvträsk, katika Uswidi ya kaskazini, yenye urefu wa sentimita 204 na upana wa zaidi ya 15. Umri wake wapita miaka 5,000. Nasi twapendezwa zaidi na zile za mlima Digervarden, katika Norwei. Mwaka 2014 barafu ya mlima huo ilipoyeyuka, wachunguzi wa mambo ya kale waliokota skii moja ya miaka yapata 1,300. Wakangoja. Mwaka 2021 barafu ikapungua tena, ndipo walipoiona ya pili, mita chache tu kutoka pale walipoipata mwenziwe. Ya kwanza ina urefu wa sentimita 172 na upana wa 14 na nusu. Ya pili, 187 kwa 17. Hazilingani, maana zilichongwa kwa mkono, na ile ya pili ina alama za kutengenezwa tena na tena. Mwenyewe aliitumia hata ikachakaa, akaiziba, akaitumia tena. Mtu hataabiki hivyo kwa kitu cha mchezo. Pasipo skii pengine asingefika kwake.

Basi zilikuwaje nyembamba? Sisi twaona ya kuwa skii zilipungua kwa sababu ardhi iliyo chini yake ilibadilika. Katika karne ya 19 Sondre Norheim, mtu maskini wa Morgedal katika Norwei, alichonga skii zenye kiuno, yaani pana mbele na nyuma, nyembamba kidogo katikati, akafunga kisigino kwa vitawi vilivyosokotwa, hata akaweza kugeuka upesi mlimani. Mwaka 1926 Rudolf Lettner wa Salzburg alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa kutia kingo za chuma, ili skii iume barafu kama kisu. Kisha zikaja kamba za kuwapandisha watu milimani, na mashine za kushindilia theluji. Baada ya hayo mtelezaji wa kawaida hakuiona tena theluji ya unga ila kwa nadra. Alipita katika njia iliyopigwa kama barabara, na katika njia hiyo skii ya sentimita 7 katikati yamtosha kabisa. Upana ukasahauliwa, si kwa kuwa ulikuwa na kosa.

Ulirudi mwaka 1988, katika Austria. Rupert Huber, fundi wa kiwanda cha Atomic, alitoa skii iliyoitwa Powder Plus, yenye upana wa sentimita 11 na zaidi katikati. Yasemekana aliupata mfano wake kwa kuupasua kwa msumeno ubao mmoja mpana, ule ambao hubeba miguu yote miwili pamoja. Hodari wa siku zile waliicheka, wakasema ni skii ya wazee na ya wasiojua. Kicheko hicho kilikuwa na ukweli ndani yake, maana katika theluji ya kina wanyonge ndio waliofaidika kwanza: mtu aliyechoka saa sita mchana aliweza sasa kuendelea hata jioni.

Aliyefika mbali kuliko wote ni Shane McConkey, mzaliwa wa Kanada aliyekaa Marekani. Yeye alifikiri ya kuwa theluji ya kina yafanana na maji kuliko ardhi. Mwaka 2001, katika Alaska, alifunga viatu vyake juu ya skii za majini, zile zivutwazo na mashua, akashuka nazo mlimani. Mwaka uliofuata kiwanda cha Volant kiliuza skii yake iitwayo Spatula, ya upana wa sentimita 12 na nusu katikati. Kiuno hakuna, katikati ndipo papana, na ncha zote mbili zimepinda juu kama mtumbwi. McConkey aliwaandikia wanunuzi maelezo ya kuisahau desturi yao ya zamani, kwa sababu skii hii hupenda kuserereka ubavu.

Na sasa tuijaribu katika theluji zote. Katika unga, hakuna iishindayo: huelea. Katika theluji nzito ya jua hufaa pia, maana hupanda juu ya tope badala ya kulipasua. Katika ganda la upepo mambo huchanganyika. Ganda likiwa jembamba, upana huweza kumzuia mtu asitumbukie, lakini likivunjika chini ya mguu mmoja tu, huyumba vibaya. Katika barafu ndipo deni hulipwa. Ukingo wa chuma umekaa mbali na mstari wa mfupa wa mguu, basi kuilaza skii upande kwahitaji nguvu nyingi, na nguvu hiyo hutolewa na kifundo na goti. Kugeuka huchelewa. Skii ya Digervarden nayo ingeshindwa hapo, lakini mwenyewe hakuwa na njia zilizoshindiliwa.

Tena liko jambo zito kuliko magoti. Skii pana zimewafungulia watu wengi milima ambayo zamani ilikuwa ya wachache, na unga mzuri mara nyingi hulala katika miteremko ya digrii 30 hata 45, ambayo ndiyo hasa hutoa maporomoko. Aliyefunikwa na theluji asipofukuliwa upesi, tumaini la kumpata hai hupungua sana baada ya dakika 10 au 15 tu. Chombo kilichomrahisishia kushuka hakimwambii kama mlima utamshikilia.

Wako waliojibu swali letu kwa njia nyingine, wala hawakuliacha jibu lao. Katika milima ya Altai, upande wa Uchina, wachongaji hata leo huchonga skii pana za mbao, na chini yake hubandika ngozi ya farasi, manyoya yakielekea nyuma. Mtu akishuka, manyoya hulala na skii huteleza. Akipanda, husimama na kuishika theluji. Mkononi ana fimbo moja ndefu. Nao wenye skii mpya za viwandani, watakapo kupanda mlima kwa miguu yao, hubandika chini yake ukanda wa manyoya, nao wameuelekeza vivyo hivyo.