Kapolowe: njia ndefu mpaka kwa munganga mutaalamu

Kapolowe iko karibu na muto Lufira, kwenye njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi. Ni zoni ya afya kama zingine za Congo: vituo vya afya vinavyoongozwa na wauguzi, kisha hospitali kuu ya zoni yenye waganga wa kazi zote. Mupango huo ulijengwa katika miaka ya 1980, na Kanisa la Kristo katika Congo lilishiriki sana kupitia SANRU, iliyoanza mwaka 1981.

Tusimuzarau munganga wa kazi zote. Anapasua henia, anamupasua mama aliyeshindwa kuzaa. Lakini mutoto mwenye ugonjwa wa moyo, ao mama mwenye kansa, anahitaji mutaalamu, na wataalamu wengi wanakaa katika miji mikubwa. Kwa Haut-Katanga ni zaidi Lubumbashi, katika Hospitali Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu.

Mwaka 1994, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walipochunguza vifo vya wamama wenye mimba, walionyesha kwamba mutu anaweza kuchelewa mara tatu: kuamua kwenda, kufika hospitali, na kupata matunzo akiisha kufika. Kungojea siku ya kuonana na mutaalamu ni sehemu ya tatu tu. Kwetu, zile mbili za kwanza ndizo zinakula wakati: jamaa inakusanya feza, inajaribu kwanza vidonge vya sokoni, mvua inaharibu njia. Mugonjwa anafika ugonjwa umekomaa, anakaa hospitali siku nyingi zaidi, na wale walio nyuma yake wanangoja pia.

Mutaalamu naye hatoki haraka. Munganga Denis Mukwege, mwana wa pasta wa Bukavu, alipoona Lemera wamama wanavyoteseka katika kuzaa, alienda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, akarudi Lemera mwaka 1989. Hospitali ya Panzi ilikuja miaka kumi nyuma, mwaka 1999.

Jambo moja dogo linaokoa siku nyingi. Kabla ya kutoka Kapolowe, omba barua ya kutumwa, ikionyesha dawa ambazo mugonjwa amekwisha kupewa pamoja na matokeo ya vipimo. Pasipo barua hiyo, kule Lubumbashi wanaanza vipimo upya, na feza zimekwisha kwa nauli.