Farasi Jike, Gololi na Sindano: Historia ya Kuzuia Joto

Nimezaliwa Bwiza, hapa Bujumbura, mtaa ambao unaweza kukutana na mbuzi wa sikukuu akivutwa kwa kamba, lakini si farasi. Wenzangu walicheka niliposema kwamba insha yangu ya historia itahusu farasi jike. Waliacha kucheka nilipowaeleza kwamba dawa mojawapo ya historia hiyo ni ile ambayo mama zetu huiita sindano ya miezi mitatu.

Kwanza tuelewe mnyama mwenyewe. Farasi jike hupata joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto hilo hudumu takriban siku 5 hadi 7. Katika nchi za baridi mzunguko huu husimama majira ya giza na kurudi siku zinaporefuka. Karibu na ikweta, kama Nairobi ambako mbio za farasi hufanyika Ngong, urefu wa mchana haubadiliki sana, hivyo mzunguko huweza kuendelea mwaka mzima. Farasi mwenye joto hukojoa mara kwa mara, huinua mkia na pengine hukataa kumsikiliza mpandaji. Joto si ugonjwa. Lakini mwenye farasi wa mashindano huliona kama hasara, na hapo ndipo historia yetu inapoanza.

Kuna simulizi inayorudiwa sana kwamba wasafiri wa jangwani walikuwa wakiingiza vijiwe katika mji wa mimba wa ngamia ili asishike mimba safarini. Wapo wanaoitilia shaka, nami naungana nao, kwa sababu simulizi isiyo na shahidi haitoshi kuwa historia. Hata hivyo wazo lake lilirudi katika zizi la farasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, gololi za kioo zenye upana wa milimita 35 ziliingizwa katika mji wa mimba wa farasi jike. Takriban 4 kati ya kila 10 walikaa bila joto kwa karibu miezi mitatu. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu hawakubadilika. Njia hiyo ilienea hivyo hivyo, kwani ilikuwa rahisi. Baadaye madaktari wa mifugo walianza kueleza madhara: gololi zilizopasuka vipande ndani ya mnyama, zilizosahauliwa mpaka alipotakiwa kuzaa, na miji ya mimba iliyojaa usaha.

Njia ya pili ilitoka maabara. Mwaka 1929, George Corner na Willard Allen wa Rochester, Marekani, walionyesha kwa kutumia sungura kwamba kuna kitu katika ovari kinachotunza mimba. Mwaka 1934 kitu hicho kilitengwa, nacho ni homoni ya projesteroni. Mwili unapoipata kwa wingi, joto halitokei. Kwa farasi ilitengenezwa dawa inayofanana nayo, altrenojesti, ambayo hunyweshwa au kutiwa kwenye chakula kila siku. Hii kweli huzuia joto, na farasi wengi hurudia mzunguko wao inapoachwa. Hatari yake iko kwingine. Projesteroni hupunguza ulinzi wa mji wa mimba, kwa hiyo vijidudu vikiwa vimeshaingia, uchafu hufungiwa ndani na kuharibu ukuta wake. Tena dawa hiyo hupenya ngozi ya binadamu. Mwanamke anayemhudumia farasi bila glavu anaweza kuvurugikiwa na hedhi yake mwenyewe.

Sasa nafika kwenye sindano. Depo-Provera ilitengenezwa kwa ajili ya wanawake, lakini wenye farasi waliichukua. Tafiti zilionyesha kwamba haizuii joto la farasi jike, nao wakaendelea kuidunga. Walidungwa hata madume waliohasiwa, ambao hawana joto la kuzuia! Kilichotafutwa kilikuwa utulivu tu. Baada ya taarifa za farasi waliopata madhara makali, wengine kufa, Shirikisho la Michezo ya Farasi la Marekani liliipiga marufuku kuanzia Desemba 2019.

Kwa wanawake historia ni tofauti, na lazima tuwe waadilifu. Hapa dawa inafanya kazi inayosemwa, na imechunguzwa sana. Lakini njia yake haikuwa nyoofu. Marekani iliikataa kama dawa ya uzazi wa mpango mwaka 1978, ikaikubali mwaka 1992, na katikati ya miaka hiyo wanawake wa nchi nyingine nyingi, Kenya ikiwemo, walikuwa wakiitumia. Zimbabwe iliipiga marufuku mwaka 1981, mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Inajulikana kwamba haimfanyi mwanamke tasa, ila uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, mara nyingi miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho.

Jambo hilo dogo shangazi yangu hakuambiwa na aliyemdunga. Alipoacha sindano alihesabu miezi kwa hofu, huku ukweni wakinong'ona kwamba ameharibika. Leo mtoto wake anasoma darasa la pili. Sentensi moja ingemwepusha na machozi ya mwaka mzima.

Kwa maoni yangu, historia hii inafundisha mambo mawili. La kwanza, njia ikipendwa kwa urahisi wake, watu huitumia kabla ya kuuliza kama inafaa, na mwili wa jike ndio unaolipa. La pili, swali la kwanza lingekuwa: anayesumbuliwa ni nani? Farasi jike mwenye maumivu ya ovari anahitaji kupimwa. Asiye na maumivu pengine anahitaji mpandaji mwenye subira. Farasi hawezi kuuliza swali. Mwanamke anaweza, na anayeshika sindano ana wajibu wa kumjibu kabla ya kumdunga.