Nyumba ya Mshahara na Nyumba ya Wapangaji

Mto Ntahangwa unateremka kutoka milima ya mashariki, unakatiza Bujumbura na kumwagika Ziwa Tanganyika. Kusini mwake iko Buyenzi, mtaa wa Waswahili, wenye barabara za namba, viwanja vyembamba na nyua ambamo vyumba vimepangana ukutani kimoja baada ya kingine. Kaskazini mwake iko Ngagara, nyumba za matofali zilizochorwa na kujengwa na ofisi moja, na ambazo watu wazima wangali wanaziita OCAF kwa jina la ofisi hiyo. Umbali baina ya pande hizi mbili ni mwendo wa miguu tu, lakini fikra zilizozaa nyumba zake hazifanani hata kidogo. Nyumba ya Ngagara ililipiwa na mshahara. Nyumba ya Buyenzi ilitafuta mshahara wake yenyewe, kwa kodi ya wapangaji. Hoja yangu ni kwamba kijana wa leo wa Bujumbura anayeandika programu au kusimamia mitambo ya kampuni ya simu amesomeshwa ili aishi maisha ya Ngagara, ilhali mji ulikwishaacha zamani kujenga chochote isipokuwa kwa njia ya Buyenzi. Dhiki yake ya kujenga haitokani na kutojua kuweka akiba. Inatokana na historia hiyo.

Tuanze kusini. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, mwambao wa ziwa ulikuwa tayari na wafanyabiashara na wapagazi waliozoea njia ya Ujiji na Manyema. Askari, wapishi na wachuuzi waliofuata kituo hicho walisema Kiswahili na wengi wao walikuwa Waislamu. Wabelgiji walifika mwaka 1916, wakaifanya Usumbura makao makuu ya Ruanda-Urundi, na hawakupenda kuwa na kijiji cha Waafrika kando ya nyumba zao. Wakazi wakapelekwa mbali na ufuko, kwenye mitaa iliyopimwa kwa kamba: Buyenzi kwa Waswahili, na Belge, ambayo sasa ni Bwiza, kwa wafanyakazi waliokuja na utawala mpya, wengi wao kutoka Kongo. Mwafrika alipata haki ya kukaa kwenye kiwanja, si hati ya kukimiliki kama aliyoshika Mzungu. Juu ya haki hiyo dhaifu watu wa Buyenzi walijenga uchumi mzima. Dereva, fundi magari, fundi cherehani na mchuuzi wa dagaa walijenga chumba cha mbele cha kukaa wao, kisha wakaongeza vyumba vya uani kadiri fedha zilivyopatikana, kila chumba na mpangaji wake. Mbinu hiyo haikuwa yao peke yao. Nyumba ya Kariakoo ya Dar es Salaam, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, ilifanya kazi ileile, na wanawake wa Pumwani mjini Nairobi walijenga kwa kusudi hilohilo. Sababu yake ilikuwa wazi: kazi ya dereva ilikwisha siku tajiri wake alipoondoka, lakini chumba hakikufukuzwa kazi.

Ngagara ilikuja baadaye, kwa akili nyingine. Mwaka 1952 Ubelgiji iliunda ofisi ya makazi ya miji ya Waafrika kwa ajili ya Kongo na Ruanda-Urundi, wakati uleule ulipoanza mpango wa maendeleo wa miaka kumi. Serikali ya kikoloni ilihitaji makarani, wauguzi, wapiga taipu, mafundi wa telegrafu na wa umeme, na ilitaka watu hao waishi na mke na watoto katika nyumba ya saruji, wafike kazini kwa wakati, na wasikae karibu mno na siasa za mitaani. Karani alipewa nyumba iliyokamilika, naye akawa anailipa kidogo kidogo kwa miaka mingi kutokana na mshahara. Maji na umeme vilikuwa sehemu ya mpango: bwawa la kwanza la Ruzizi, karibu na Bukavu, lilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950 na Usumbura ikawa miongoni mwa miji iliyoupata. Hata saa za kazi ziliendana na ramani. Ofisi zilifunguliwa asubuhi, zikafunga mchana wakati wa joto kali, zikafunguliwa tena alasiri. Mapumziko marefu kama hayo yana maana kwa mtu anayeweza kurudi nyumbani, akala na watoto wake, akajinyoosha kidogo na kurejea. Aliyechora nyumba alikuwa pia amepanga siku ya mwenye nyumba. Sidhani kama mji huu umewahi tena kuwa na mpango uliofikiria nyumba, njia, taa na saa ya chakula kama jambo moja.

Hapa msomaji mkali atanikatiza: huo ulikuwa ukoloni, mbona unausifu? Nyumba hizo zilitenga Mwafrika na Mzungu, zilichagua Waafrika wachache waliokubalika, na zilimfunga mpokeaji kwa mwajiri wake, maana aliyepoteza kazi alikuwa hatarini kupoteza na paa. Yote hayo ni kweli. Wala si ajabu kwamba Mwanamfalme Louis Rwagasore alipoanzisha ushirika wake wa wafanyabiashara mwaka 1957, na baadaye alipotafuta wafuasi wa chama chake cha UPRONA, aliungwa mkono kwa nguvu Buyenzi, na watu ambao kipato chao hakikupita mikononi mwa Mbelgiji. Uhuru wa kipato uliwapa uhuru wa kusema. Hata hivyo, kasoro za Ngagara haziifuti hesabu yake. Mwenye ujuzi wa miaka ya 1950 hakununua mwenyewe nguzo ya umeme, bomba la maji, mfereji wa barabara na hati ya kiwanja. Gharama hizo zilibebwa na aliyehitaji ujuzi wake. Jambo la kuchunguza ni zilihamia kwa nani baada ya hapo.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, Usumbura ikawa Bujumbura na karani akawa mtumishi wa dola. Taifa halikuacha wazo la Ngagara. Lilikuwa na shirika la nyumba za umma, na mwaka 1989 likaunda vyombo viwili: ECOSAT ya kupima viwanja na kujenga nyumba nafuu, na FPHU ya kukopesha wanaotaka kujenga mjini. Tarehe ni muhimu hapa. Miaka minne baadaye, tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa na nchi ikaingia vitani. Mitaa ya Bujumbura ilitengana kwa makabila. Watu walikimbia nyumba walizokuwa bado wanazilipia, wengine wakaziuza kwa bei ya kutupa, wengine wakakuta wageni ndani waliporudi. Madai ya nyumba na mashamba ya waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 yalikuwa hayajatatuliwa, na tume ya kushughulikia ardhi na mali, CNTB, haikuundwa hadi 2006. Wakati huo mji ulikuwa umejaa: sensa ya 1990 ilihesabu watu 235,440 Bujumbura, na ile ya 2008 ikahesabu 497,166. Idadi ilizidi maradufu katika miaka ambayo vyombo vya kujenga vilikuwa taabani. Buyenzi, kinyume chake, iliendelea kupokea watu wa pande zote. Dini na ujirani vilisaidia, bila shaka, lakini naamini ua wenyewe ulichangia pia: mwenye nyumba anayeishi mlango kwa mlango na wapangaji wa kila asili hawezi kumfukuza mmoja bila kujinyima chakula.

Ndipo alipozaliwa mtaalamu wa teknolojia tunayemzungumzia. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na 2010, kampuni za simu za Burundi zikashirikiana kujenga mkongo wa taifa, na mnamo 2015 Lumitel ya Wavietnamu ikaingia sokoni. Benki, mamlaka ya mapato (OBR) na mashirika yakahitaji watu wa mifumo. Kwa daraja la kazi, hawa ni warithi halisi wa fundi wa telegrafu wa 1955. Lakini mwajiri wao hawapi nyumba, na kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2010 mkopo wa kawaida wa benki ulikuwa na riba ya karibu asilimia 15 au zaidi. Kwa riba hiyo, mkopo wa miaka 20 ni adhabu. Kwa hiyo kijana ananunua kiwanja Carama, Gasekebuye au Kanyosha, na kuanzia hapo ananunua mji mzima kwa rejareja. Ananunua nguzo na waya mpaka kwenye Cash Power, mita ya umeme wa kulipia kabla. Ananunua tangi kwa sababu maji ya REGIDESO, shirika la maji na umeme, hayaji kila siku, betri na inveta kwa sababu kompyuta haisubiri umeme urudi, laini mbili za intaneti kwa sababu moja hukatika, ukuta, na mshahara wa mlinzi wa usiku. Fundi wa Ngagara angeshangaa kusikia kwamba vitu hivi vinaitwa gharama za nyumba.

Hata ardhi yenyewe inadai. Ziwa Tanganyika lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha likashuka, na mji ukajisahau ukasogea ufukoni. Maji yalipopanda tena kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010, yaliingia Gatumba, Kajaga, Kibenga na sehemu za Kinindo, katika nyumba za matajiri na za maskini bila kubagua. Maji yanayoshuka kutoka milimani nayo ni hatari: usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini ya Kamenge, Kinama na Buterere. Anayejenga peke yake anajenga na ukuta wa kuzuia korongo peke yake, na ukuta huo unamsukumia jirani maji.

Na siku ya kazi imevunjika. Mapumziko ya saa mbili mchana yamebaki kwenye ratiba za ofisi nyingi, lakini aliyehamia Carama hawezi tena kwenda nyumbani na kurudi, hasa tangu uhaba wa mafuta ulipokuwa jambo la kawaida katika miaka ya 2020 na tangu pikipiki, bajaji na baiskeli zilipozuiwa katikati ya mji mnamo Machi 2022. Saa zile mbili sasa ni za kukaa ofisini bila kulipwa, au za kwenda kufukuzana na fundi na muuza saruji. Jumamosi asubuhi ni kazi za maendeleo ya jamii. Mchana wake ni wa kusimamia ujenzi. Watu husema vijana hawa hawana muda na familia kwa sababu ya simu na kompyuta. Mimi nadhani saruji inawanyang'anya zaidi.

Pingamizi la pili lina uzito: mbona hawa wanapata zaidi ya mwalimu, na wengine wanalipwa dola na wateja wa nje? Ni kweli, na mwalimu anastahili insha yake. Lakini dola zinamnufaisha anayeweza kuzibadilisha kwa bei ya haki. Mnamo Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38, na bei ya mtaani ikaendelea kuwa mbali na ile rasmi. Mabati, nyaya, betri na vigae huagizwa nje, na muuzaji hukadiria kwa bei ya mtaani. Anayelipwa faranga anaona akiba yake ikipungua kabla ya kufikia paa, naye hukimbilia kugeuza kila mshahara kuwa matofali siku ileile unapoingia. Ndiyo sababu nyumba nyingi za pembezoni husimama miaka bila madirisha. Anayepita hudhani fedha za mwenyewe zimekwisha. Mara nyingi kuta hizo ndizo fedha zenyewe, zimewekwa mahali ambapo mfumuko wa bei hauzifikii.

Katika hali hiyo wengi hugundua upya walichojua watu wa Buyenzi. Hawaanzi na nyumba kubwa. Wanaanza na anekse, nyumba ndogo nyuma ya kiwanja, wanahamia humo, wanaongeza vyumba viwili vya kupangisha, na kodi yake ndiyo inayonunua msingi wa nyumba ya mbele. Atakayesema kwamba huu ni umaskini uliovishwa jina zuri atakuwa sahihi nusu. Buyenzi ilipangisha vyumba kwa kubanwa, lakini ilikuwa na vitu viwili ambavyo Carama haina: ilikuwa karibu na kazi, na ilikuwa na majirani waliogawana bomba, mfereji na ulinzi. Mtaalamu wa leo amechukua vyumba vya uani akaacha ujirani upande wa pili wa ukuta. FPHU imekwisha kugeuzwa kuwa benki ya makazi, na riba nafuu ingesaidia, lakini mkopo wa mtu mmoja mmoja hautandazi bomba la mtaa.

Wapo wanaoamini kwamba kufanyia kazi nyumbani kutamaliza tatizo: hakuna safari, hakuna foleni ya mafuta, chakula cha mchana mezani na watoto kama zamani za Ngagara. Itakuwa hivyo kwa wachache. Lakini anayefanyia kazi nyumbani anahitaji chumba chenye mlango unaofungika, betri na intaneti yake, na katika anekse ya vyumba vitatu chumba hicho ni kile ambacho mpangaji angekilipia kila mwezi.