Kashfa za Briji: Kutoka Vidole vya 1965 Hadi Akaunti ya Pili ya 2020, Jinsi Karata Zilivyowachoma Mabingwa

Mwaka 2020 dunia ilipojifungia ndani, kuna mchezo mmoja wa karata ambao ulijikuta kwenye aibu nzito. Watu waliokuwa mabingwa kabisa, wenye mataji na heshima zao, waliumbuka kwamba walikuwa wanachungulia karata za wenzao. Mtu yuko peke yake chumbani na laptop yake, hakuna kamera, hakuna mwamuzi, hakuna jirani. Sasa nani aliwachoma? Karata zenyewe.

Mchezo unaitwa briji. Wengi wanaujua kwa jina tu, wanadhani ni wa wazee wa klabu za kizungu. Lakini ukikaa ukausoma vizuri utaona ni ndugu wa karata za vijiweni, zile za watu wanne wanaocheza wawili wawili huku wakitazamana. Karata 52, kila mtu anapewa 13. Kwanza mnanadi: kila upande unataja utakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa nini, kopa, shupaza, uru au pau. Dau la juu likipita, mnacheza. Ukifikisha ulichotaja unapata pointi, ukishindwa wenzako wanazipata.

Sheria kubwa kuliko zote ni moja: mwenzako hujui ana nini. Kitu pekee unachoruhusiwa kumwambia ni dau unalotaja na karata unayotupa. Kukonyeza, kukohoa, kugusa sikio, hata kuvuta pumzi kwa namna fulani, vyote marufuku. Kwenye kijiwe mtu akimkonyeza mwenzake watu wanacheka na mchezo unaendelea. Kwenye briji ukifanya hivyo umeua mchezo mzima, maana mchezo wenyewe ni kubahatisha kwa akili mwenzako ameshika nini.

Halafu kuna ligi za timu, na hapa ndipo utamu ulipo. Kila timu ina watu wanne. Wawili wanakaa meza ya kwanza, wawili meza ya pili, na karata zile zile zinachezwa meza zote mbili. Kwa hiyo ukipewa karata mbovu huna cha kulalamika, kwa sababu kwenye meza ile nyingine mpinzani wako naye ameshika ubovu huo huo. Mfano: meza ya kwanza wenzako wametaja kopa nne wakazipata, pointi 620. Meza ya pili wapinzani wana karata hizo hizo, wakaogopa, wakaishia kopa mbili, pointi 170. Tofauti ni 450, na kwa jedwali la mashindano hiyo inageuzwa kuwa pointi 10 za timu yako. Bahati imetolewa mezani, kilichobaki ni nani ameamua vizuri.

Na kwa sababu kila mkono unaandikwa, baada ya mechi timu zinakaa kuuchambua. Nani alitaja nini, nani alianza na karata gani, kwa nini. Kwa wanaoupenda huu mchezo, uchambuzi ni nusu ya raha. Na uchambuzi huo huo ndio umekuja kuwa mahakama yao.

Turudi nyuma. Mwaka 1965, mashindano ya ubingwa wa dunia, Buenos Aires, Argentina. Wachezaji wawili wakali wa Uingereza wakashutumiwa kwamba namna walivyoshika karata, idadi ya vidole vilivyoonekana nyuma, ilikuwa inamwambia mwenzake ana kopa ngapi. Shirikisho la dunia likawaona wana hatia. Uingereza nao wakaunda uchunguzi wao, na mwaka 1966 ukaja na jibu kwamba ushahidi haukutosha kuwatia hatiani. Moja ya hoja kubwa za upande wa utetezi ilikuwa hii: chambueni mikono waliyocheza. Kama kweli walikuwa wanajua idadi ya kopa, mbona kuna maamuzi kibao ambayo mtu anayejua asingeyafanya? Waliowaona vidole wakashikilia walichokiona. Hadi leo watu wa briji hawajakubaliana.

Mwaka 1975, kwenye ubingwa wa dunia uliochezewa Bermuda, waandaaji wakaja na dawa. Wakaweka ubao katikati ya meza, umekatiza kona kwa kona, ili mtu asimwone mwenzake usoni. Safi kabisa. Kumbe chini ya meza hakukuwa na ubao. Wachezaji wawili wa Italia wakaonekana mguu wa mmoja unagusa mguu wa mwenzake. Wakakemewa kwa kuchezesha miguu isivyostahili, lakini hawakufukuzwa, na timu yao ikachukua ubingwa. Kilichofuata ni kuziba na chini ya meza.

Miaka ikaenda. Mwaka 2013, Bali, Indonesia, ubingwa wa dunia wa wakongwe. Wazee wawili wa Ujerumani, wote madaktari, wakawa wanakohoa sana. Kumbe kikohozi chenyewe kilikuwa na hesabu yake, idadi ya kukohoa ilikuwa na maana. Macho yamezibwa, miguu imezibwa, jamaa wakahamia kooni! Walifungiwa, na dhahabu ya timu yao ikachukuliwa.

Lakini mwaka uliobadilisha kila kitu ni 2015. Chicago, robo fainali ya moja ya mashindano makubwa ya Marekani. Timu ya mchezaji mmoja wa Norway inapoteza kwa pointi 1 baada ya rufaa, na upande wa pili wamekaa vijana wawili wa Israeli ambao aliwahi kuwa nao timu moja na kushinda nao mataji. Jamaa hakulala. Akaanza kufungua mikono ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, na alivyozidi kuangalia ndivyo mambo yalivyozidi kumshangaza. Mtu anaanza na karata ambayo hakuna mwenye akili timamu angeianza, na kila mara inaangukia pale pale mwenzake alipo na nguvu.

Akaamua kulisema hadharani, akijua kabisa kwamba mataji aliyoshinda akiwa nao yataingia doa na yeye mwenyewe. Video za mechi zikawekwa mtandaoni, mashabiki wa nchi mbalimbali wakakaa kuziangalia. Ikagundulika kwamba mahali walipokuwa wanakiweka kile kibao cha kubebea karata juu ya meza ndipo palipomwambia mwenzake aanze na aina gani ya karata. Wakafungiwa.

Moto ukasambaa. Mama mmoja wa Uholanzi, mchezaji wa kawaida tu, akiangalia video za watu wengine, mabingwa wawili wa Italia, akaona kitu: karata wanayoitupa mezani wakati mwingine imesimama wima, wakati mwingine imelala. Hoja ikawa kwamba ikisimama ina maana fulani kuhusu karata kubwa alizobaki nazo. Wawili hao wakafungiwa Ulaya, lakini mwaka 2018 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikaifuta adhabu hiyo, ikisema ushahidi haukufika kiwango kinachotakiwa. Shika hapo kwanza, watarudi.

Sasa 2020. Machi, mashindano makubwa ya Marekani yaliyokuwa yafanyike Columbus, Ohio, yanafutwa kwa sababu ya korona. Klabu zinafungwa kila kona. Briji ikahamia mtandaoni karibu yote. Kuicheza mtandaoni halikuwa jambo geni, OKbridge ilikuwepo tangu 1990 na Bridge Base Online ikafuata miaka ya 2000, ila sasa ligi nzima za timu zenye mabingwa wa dunia zikawa zinachezwa mtu akiwa sebuleni kwake na kandambili.

Ukifikiria, mtandao ulitakiwa uwe dawa ya yote. Hakuna vidole, hakuna mguu, hakuna kikohozi, karata inabofywa tu, haiwezi kusimama wala kulala. Lakini likafunguka tundu jipya, tena kubwa kuliko yote. Watazamaji walikuwa wanaruhusiwa kuingia na kuona karata za wote wanne. Basi mtu anafungua akaunti ya pili kwa jina lingine, anajitazama mwenyewe akicheza, na mikono yote minne iko mbele yake. Hapo hata mwenzako wa kuungana naye humhitaji. Wengine ilikuwa simu tu, mnapigiana na kuambiana mna nini.

Tatizo lao ni moja. Mtandao hausahau. Kila mkono, kila dau, kila karata, na saa iliyobofywa, vyote vimehifadhiwa.

Wachambuzi wakaingia kazini, na kanuni yao ni nyepesi kuielewa. Wapinzani wametaja kopa nne na wewe ndiye wa kutupa karata ya kwanza. Hujaona kitu zaidi ya karata zako 13. Una kingi na malkia wa uru, wamefuatana. Asilimia kubwa ya wachezaji wazuri duniani wataanza na kingi wa uru bila kujiuliza. Wewe unaacha, unatupa kipau kidogo kutoka kwenye pau tatu za hovyo. Na kumbe mwenzako ana ree na malkia wa pau, na kingi wa pau yuko mezani, mbele yake. Mnakula mizunguko miwili chap chap na dau la wapinzani linaingia hatarini.

Ukifanya mara moja, ni bahati, au umesikiliza dau vizuri. Watu watakupongeza. Lakini wakichukua mikono yako 500, wakaipitisha kwenye programu inayoona karata zote na kujua karata gani ilikuwa bora, halafu wakakulinganisha na wakali wenzako, wakakuta wewe hukosei pale ambapo kila binadamu hukosea, hapo kuna maswali. Wanaangalia pia upande wa pili: uchezaji wako wa ajabu uliwahi kukugharimu? Mtu mkweli akijaribu vitu vya ajabu mara nyingi vinamuumiza. Anayechungulia havimuumizi kamwe. Na wakati mwingine wanalinganisha tu uso kwa uso alikuwa wa kiwango gani na mtandaoni amegeuka nani.

Wakaanza kukiri. Mmoja alikuwa kwenye timu iliyowahi kutwaa ubingwa wa dunia. Mwingine mchezaji mkubwa wa Marekani. Watu hawa hawakuwa na njaa wala hawakuwa wanaanza, walikuwa wazuri tayari. Maumivu makubwa yakawa ya wenzao wa timu. Mtu amecheza kihalali meza ya pili, ameumiza kichwa usiku kucha, kisha anagundua ushindi wote ulikuwa na uchafu ambao hakuujua. Waandaaji wakafunga milango, watazamaji wakazuiwa au matangazo yakacheleweshwa, na mwaka huo huo ukaja RealBridge kutoka Uingereza, ambao wachezaji wanaonana na kusikiana kwa video. Yaani baada ya miaka 45 ya kuzuia watu wasionane, safari hii wakatafuta namna ya kuwaona.

Na wale mabingwa wa Italia? Mwaka 2021, mchujo wa Ulaya wa kwenda ubingwa wa dunia ulichezwa mtandaoni, na mmoja wao akawemo kwenye timu ya taifa. Mahakama ilishaondoa adhabu, kwa hiyo kisheria alikuwa huru. Timu za nchi nyingine zikakataa kucheza, moja baada ya nyingine, zikakubali kupoteza pointi za mechi kuliko kukaa naye meza moja.

Hapo ndipo penye kazi. Mahakama inataka ushahidi ambao hauna shaka, na ni sawa, kwa sababu takwimu pekee inaweza kumchafua mtu ambaye ana akili kuliko wengine au aliyebarikiwa wiki nzuri. Wale wa 1965 walitetewa na mikono yao hiyo hiyo. Lakini mchezaji anayeingia kwenye ligi ya timu akiwa sebuleni kwake haulizi kama kuna ushahidi. Anachouliza ni kama anaweza kumwamini mtu ambaye hamwoni, kwa mkono mmoja tu, leo usiku. Akishindwa kuamini, hata karata zikigawiwa hakuna mchezo tena.

Wewe ungekuwa kwenye timu mojawapo mwaka ule, ungecheza kwa sababu mahakama imesema, au ungesusa na wenzako? Shusha maoni yako hapo chini.